Vibao vya Venezia: Tarehe ya Picha za Mbao na Kurudi kwa Sura ya Kale, 1469–1570

Kitabu cha kwanza kupigwa chapa mjini Venezia kilitoka mwaka 1469, nacho kilikuwa na barua za Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma ya kale. Mchapaji wake, Johannes wa Speyer, alikuwa Mjerumani aliyevuka milima ya Alpi akiwa na ufundi uliozaliwa Mainz katikati ya karne ile. Septemba ya mwaka huohuo serikali ya jamhuri ilimpa haki ya pekee ya kuchapa vitabu mjini kwa miaka mitano. Mwaka 1470 alifariki, haki ikafa naye, na mlango ukawa wazi kwa kila mwenye mtambo. Kufikia mwisho wa karne ya 15 Venezia ilikuwa imekwisha kutoa matoleo zaidi ya 3,000 na kuipita miji yote ya Ulaya.

Barua zile za Cicero hazikuwa na picha hata moja. Mwaka 1570 ulitoka mjini humo humo mkusanyo wa vitabu vinne vya ujenzi vya Andrea Palladio, wenye picha za mbao zaidi ya 200, ambamo nguzo, mahekalu na madaraja ya Warumi yalionekana wazi kwa vipimo vyake. Kati ya vitabu hivyo viwili ipo karne moja ya kazi ya wachoraji, wachonga vibao na wachapaji. Wanazuoni wa Italia walikuwa wamekwisha kuyarudisha maneno ya Wagiriki na Warumi kabla ya mtambo wa kwanza kufika Venezia. Sura ya kale, yaani namna watu wale walivyojenga, walivyovaa na walivyoupima mwili wa binadamu, ilichelewa, na sehemu kubwa ya wasomaji waliipata kupitia vibao.

Ufundi wa kibao

Kibao cha picha kilipasuliwa kwa urefu wa shina la mti, kikapigwa randa hadi kikawa laini. Mti uliopendwa zaidi ni wa peasi, kwa sababu nyuzi zake zimeshikamana na hazichaniki ovyo. Mchoraji alichora kwa wino juu ya ubao, kisha mchongaji akaondoa kwa kisu na bobari kila mahali pasipo na mstari, mpaka mistari ikabaki peke yake imeinuka. Kila kitu kilichongwa kinyume, ili kwenye karatasi kionekane sawasawa. Mara nyingi mchoraji na mchongaji walikuwa watu wawili tofauti, na kitabu hakikumtaja hata mmoja wao.

Nguvu ya kibao ilikuwa katika kuoana kwake na herufi. Herufi za risasi nazo huchapa kwa sehemu iliyoinuka. Kibao kikichongwa kwa unene ulio sawa na kimo cha herufi, picha na maandishi viliweza kufungwa pamoja katika fremu moja, kupakwa wino kwa pamoja na kuchapwa kwa mvuto mmoja wa mtambo. Bamba la shaba nyekundu halikuruhusu hilo. Juu yake mistari huchimbwa, wino hukaa ndani ya mifereji, na karatasi hushindiliwa kwa mtambo mwingine wenye rola. Mwaka 1481 wachapaji wa Firenze walijaribu kutia picha za shaba katika shairi kuu la Dante, kwa michoro inayohusishwa na Sandro Botticelli. Zilichongwa picha 19, lakini nakala nyingi zina mbili au tatu tu zilizochapwa mahali pake. Nyingine zilibandikwa kwa gundi au nafasi zikaachwa wazi. Kwa karibu karne nzima iliyofuata mbao ndiyo iliyotawala vitabu vya picha.

Mwanzo wa vitabu vya picha kaskazini na Italia

Venezia ilikuwa na wachonga vibao kabla ya kuwa na wachapaji wa vitabu. Mwaka 1441 serikali yake ilipiga marufuku kuingiza mjini karata na picha za chapa zilizotengenezwa nje, baada ya mafundi wa hapo kulalamika kwamba biashara yao inaangamia. Picha ndani ya kitabu chenye herufi za risasi zilianzia Ujerumani, katika hadithi za mafunzo alizozichapa Albrecht Pfister mjini Bamberg mwaka 1461. Italia ilipata kitabu chake cha kwanza cha namna hiyo mwaka 1467, pale Ulrich Han, Mjerumani mwingine, alipochapa mjini Roma tafakuri za Kardinali Juan de Torquemada. Picha zake zilifuata michoro ya ukutani katika kanisa la Santa Maria sopra Minerva.

Mwaka 1472 mji wa Verona ulitoa kitabu cha sanaa ya vita cha Roberto Valturio, mtumishi wa Sigismondo Malatesta, mtawala wa Rimini. Valturio alikusanya maarifa ya waandishi wa Kigiriki na Kilatini kuhusu majeshi, na vibao vikaonyesha ngazi za kuzingira ngome, magari, mizinga, madaraja ya kuelea na vifaa vya kuogelea. Mistari yake ni myepesi, haina vivuli, nayo imezungukwa na karatasi nyeupe pande zote. Kitabu hicho kilionyesha mapema kwamba picha ya mbao inaweza kubeba elimu, na kwamba mstari mtupu unatosha kueleza kifaa.

Fremu za Ratdolt

Katika miaka ya mwanzo Venezia ilitegemea wapaka rangi. Mchapaji aliacha nafasi ya herufi kubwa na pambizo pana, na tajiri aliyenunua kitabu akakipeleka kwa msanii. Erhard Ratdolt, aliyetoka Augsburg, aliigeuza kazi hiyo kuwa ya mtambo. Mwaka 1476, pamoja na wenzake Bernhard Maler na Peter Löslein, alichapa kalenda ya mnajimu Regiomontanus. Ukurasa wake wa kwanza ulikuwa na fremu ya mapambo ya mbao iliyozunguka mashairi ya kukisifu kitabu, mwaka wa kuchapwa na majina ya wachapaji. Vitabu vya wakati huo vilizoea kuziweka habari kama hizo mwishoni.

Mapambo ya Ratdolt yalikuwa ya majani na mizabibu myeupe juu ya weusi. Wanakili wa Firenze walikuwa wameyatoa katika miswada ya zamani waliyoidhani ni ya Warumi, kumbe mingi iliandikwa karne nyingi baada ya Roma kuanguka. Hata hivyo yalipendeza machoni mwa wasomi, nayo yalioana vizuri na herufi za Kirumi ambazo Nicolas Jenson, Mfaransa aliyeishi Venezia, alizikamilisha mwaka 1470.

Kazi kubwa kuliko zote ya Ratdolt ilikuja mwaka 1482, alipochapa kwa mara ya kwanza jiometri ya Euclid. Kitabu kilihitaji michoro zaidi ya 400 ya pembetatu, duara na maumbo mengine, nayo iliwekwa pambizoni kando ya hoja inayohusika. Mpaka hapo ugumu wa kuchapa michoro ndio uliowazuia wachapaji wasikiguse kitabu hicho. Ratdolt alirudi Augsburg mwaka 1486, akaacha nyuma yake mafundi waliojua kupanga ukurasa wenye maandishi, mchoro na pambo bila kimoja kukanyaga kingine.

Miaka ya vijipicha, 1490–1497

Muongo uliofuata ulikuwa wa wauza vitabu wenye mitaji. Aliyeongoza ni Lucantonio Giunta, mtu wa Firenze aliyehamia Venezia. Mwaka 1490 aligharamia toleo la Biblia ya Kiitalia iliyotafsiriwa na mtawa Niccolò Malermi, likachapwa na Giovanni Ragazzo. Lilikuwa na vijipicha zaidi ya 300, kila kimoja kikiingia ndani ya safu moja ya maandishi. Nafasi ilikuwa finyu kiasi kwamba mchongaji alilazimika kuacha kila kisichohitajika. Watu wawili, kuta mbili na kilima vilitosha kueleza kisa. Namna hiyo ilienea upesi. Mwaka 1491 ilitumika katika Dante ya Bernardino Benali na Matteo Capcasa, na mwaka 1492 katika hadithi za Boccaccio zilizochapwa na ndugu wawili, Giovanni na Gregorio de Gregori.

Ndugu hao ndio walioonyesha jinsi ukurasa mmoja unavyoweza kuvaa ukale mzima. Mwaka 1494 walichapa historia ya Herodotus katika tafsiri ya Kilatini ya Lorenzo Valla. Ukurasa wake wa mwanzo umezungushiwa fremu kubwa nyeupe juu ya weusi, yenye mitungi na mapambo yaliyofuata nakshi za mawe ya Kirumi. Mizabibu ya Ratdolt ilitoka katika miswada. Fremu hii ilitoka katika magofu. Nyuma yake lipo somo la Padua, mji ulio karibu, ambako Andrea Mantegna alikuwa amewafundisha wasanii kuchora matao, silaha na nguo za Warumi kwa kuangalia sanamu na sarafu halisi.

Mwaka 1497 Giunta alitoa Metamorphoses ya Ovidius, mshairi wa Roma, kwa Kiitalia, ikachapwa na Zoane Rosso, na picha zaidi ya 50. Maandishi yenyewe yalikuwa muhtasari ulioandikwa karne ya 14 na Giovanni Bonsignori. Ndani ya picha moja visa viwili au vitatu vya hadithi ileile hutokea bega kwa bega, kama desturi ya wachoraji wa zamani ilivyokuwa. Lakini miungu imeanza kuvua nguo za Kiitalia na kurudi katika miili ya sanamu. Matoleo ya baadaye yaliviiga vibao hivyo mara nyingi, na mafundi wa vyombo vya udongo vya rangi wakavifanya vielelezo vya sahani zao.

Ndoto ya Poliphilo, 1499

Desemba 1499 Aldus Manutius alichapa Hypnerotomachia Poliphili, kitabu ambacho wajuzi wengi wanakihesabu kuwa kizuri kupita vyote vya karne hiyo. Aldus alikuwa mwalimu wa Kigiriki aliyeanza kuchapa kwa ajili ya wasomi, na vitabu vyake vingine havikuwa na picha za maana. Hiki kilikuwa kazi ya kulipwa. Gharama zilitolewa na Leonardo Grassi, muungwana wa Verona, na kitabu kikatunukiwa Guidobaldo da Montefeltro, mtawala wa Urbino.

Jina la mwandishi halikuwekwa. Herufi za kwanza za sura zake 38 zikisomwa kwa mfuatano hutoa sentensi ya Kilatini inayomtaja Ndugu Francesco Colonna na mapenzi yake kwa Polia. Kisa ni cha Poliphilo anayemtafuta mpenzi wake Polia ndotoni. Anapita msituni, anafika kwenye piramidi iliyobeba mnara wa jiwe, anakutana na sanamu ya tembo mwenye mnara mgongoni, anashuhudia misafara ya ushindi, anasoma makaburi katika mji uliobomoka, na hatimaye anavuka bahari hadi kisiwa cha Venus. Lugha yake ni Kiitalia kilichotiwa Kilatini na Kigiriki kwa wingi, na mahali pengine yapo maneno ya Kiebrania na Kiarabu. Kiarabu hicho kilichongwa kwenye mbao, nacho ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya Kiarabu kuonekana katika kitabu kilichopigwa chapa Ulaya.

Picha zake zinakaribia 170. Mchoraji hajulikani kwa hakika, ingawa wataalamu kadhaa humtaja Benedetto Bordone, msanii wa miswada aliyetoka Padua. Mstari wake una unene uleule karibu kila mahali, kivuli ni kidogo mno, na watu wanasimama mbele ya uwazi mweupe kama nakshi zilizochongwa ubavuni mwa jeneza la jiwe la Kirumi. Herufi zilichongwa na Francesco Griffo, na zile kubwa zilifuata maandishi ya kaburini na kwenye matao ya Roma, ambayo wapenda mambo ya kale kama Felice Feliciano wa Verona walikuwa wameyapima kwa bikari tangu miaka ya 1460. Weusi wa herufi na weusi wa mistari ya picha vinalingana. Kurasa nyingine zimepangwa mistari yake ikipungua polepole hadi maandishi yakapata umbo la kikombe. Hapa ukale haukubaki katika kisa tu. Uliingia katika vipimo vya ukurasa na katika nafasi iliyoachwa tupu.

Soko halikukipokea kwa shangwe. Kilikuwa kikubwa, ghali na kigumu kusomeka, na mwaka 1509 Grassi aliiomba serikali imwongezee miaka ya haki yake kwa sababu vita vilikuwa vimemzuia kuuza. Katika nakala kadhaa picha ya kafara ya Priapus, mungu wa rutuba, ilifutwa kwa wino na wasomaji walioiona haina haya. Hata hivyo athari yake ilifika mbali. Alama ya pomboo aliyejizungusha kwenye nanga imo kati ya vibao vyake. Pomboo ni mbio, nanga ni utulivu, na pamoja vinaagiza haraka isiyo na pupa. Mwaka 1502 Aldus aliifanya nembo ya nyumba yake. Jacques Kerver alitoa toleo la Kifaransa mjini Paris mwaka 1546 kwa vibao vipya, na mwaka 1667 tembo mwenye mnara, mfano wa yule wa Poliphilo, alisimamishwa katika kiwanja kimoja cha Roma kwa usanifu wa Gian Lorenzo Bernini.

Tofauti na kaskazini inaonekana katika mashairi ya Mroma Vergilius yaliyochapwa Strasbourg mwaka 1502 na Johann Grüninger, chini ya uangalizi wa Sebastian Brant. Kitabu kina picha zaidi ya 200 zenye watu wengi, zilizochongwa kwa ustadi mkubwa. Lakini mashujaa wa Troya wamevaa deraya za Kijerumani, na miji yao ina paa zilizochongoka kama za mto Rhine. Maneno ni ya Roma, macho ni ya Strasbourg. Albrecht Dürer wa Nürnberg, aliyefika Venezia mara mbili na kununua huko nakala ya Euclid mwaka 1507, ndiye aliyelipunguza pengo hilo zaidi ya wote. Mwaka 1525 alitoa kwa Kijerumani kitabu chenye picha za mbao kuhusu kupima kwa bikari na rula, ambacho ndani yake alionyesha pia namna ya kuziunda herufi za Kirumi.

Vitruvius apata picha zake

Kitabu pekee kamili cha ujenzi kilichobaki kutoka enzi ya kale ni cha Vitruvius, mjenzi aliyeishi wakati wa Kaisari Augusto. Michoro yake ilipotea, na toleo la kwanza la chapa, lililotoka Roma miaka ya 1480, liliwaachia wasomaji maneno magumu bila kielelezo. Mwaka 1511 Fra Giocondo, mtawa na mjenzi wa Verona, alisahihisha maandishi na kutia picha 136 za mbao. Giovanni Tacuino akakichapa Venezia, na kikatunukiwa Papa Julius wa Pili. Kwa mara ya kwanza msomaji aliweza kusoma habari za nguzo na kuiona palepale, au kumtazama mtu aliyenyoosha mikono ndani ya duara na mraba na kuelewa kwa nini mwili ulihesabiwa kuwa kipimo cha jengo.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1521, Cesare Cesariano alitoa mjini Como tafsiri ya Kiitalia yenye maelezo marefu na picha za fahari. Alipotaka kueleza kanuni za kupanga jengo alilitumia kanisa kuu la Milano, jengo la Kigothi lenye matao yaliyochongoka. Mwaka 1521, basi, kanuni za Roma na majengo ya karne za kati yaliweza bado kukaa ukurasa mmoja bila mwandishi kuona kasoro.

Mjenzi Sebastiano Serlio aliuvunja mchanganyiko huo. Mwaka 1537 Francesco Marcolini alichapa Venezia kitabu chake kuhusu namna tano za nguzo: za Toskana, Kidori, Kiioni, Kikorintho na za mchanganyiko. Serlio alizipanga zote tano bega kwa bega katika picha moja, ili tofauti zionekane kwa mtazamo mmoja. Aliandika kwa Kiitalia, maandishi yakawa mafupi na picha zikabeba mzigo. Mwaka 1539 Pieter Coecke van Aelst alikwisha kukitoa Antwerp kwa Kiholanzi. Mwaka 1540 Serlio aliongeza kitabu cha magofu ya Roma, akakitunuku kwa Mfalme Francis wa Kwanza wa Ufaransa, kisha akahamia huko. Mafundi wa mawe ambao hawakuwahi kufika Italia walijifunza nguzo za Kirumi kutoka kurasa hizo.

Mwili na dunia

Vibao bora vya Venezia havikuchapwa mjini humo. Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels aliyefundisha upasuaji Padua, alichongesha Venezia vibao vya peasi vya kitabu chake cha mwili wa binadamu. Wachoraji wake wanahusishwa na karakana ya mchoraji Titian. Vibao vilivushwa Alpi na wafanyabiashara hadi Basel, na Johannes Oporinus akakitoa kitabu mwaka 1543. Watu waliochunwa ngozi wanasimama kama sanamu za kale, nyuma yao kukiwa na vilima na magofu. Matumbo yanaonyeshwa ndani ya kiwiliwili kinachofanana na sanamu iliyovunjika ya Belvedere, iliyopo Vatikano. Vesalius alisahihisha makosa ya Galen, tabibu wa Kigiriki, huku akitumia uzuri wa Kigiriki kuyaonyesha masahihisho hayo.

Elimu ya dunia ilipita njia hiyohiyo. Mwaka 1550 nyumba ya Giunti, warithi wa Lucantonio, ilianza kuchapa mkusanyo wa safari wa Giovanni Battista Ramusio. Kati ya habari zake imo taarifa ya Mreno Duarte Barbosa inayoeleza Kilwa, Mombasa na Malindi. Toleo la 1554 lilitiwa ramani za mbao, mojawapo ya Afrika, ambayo kusini imewekwa juu ya ukurasa. Novemba 1557 moto uliiteketeza karakana ya Giunti pamoja na vibao hivyo. Toleo la 1563 lilipotoka, ramani zilikuwa zimechongwa upya, na safari hii kwa shaba.

Zamu ya shaba

Badiliko hilo halikuwa la Giunti peke yao. Mwaka 1562 Giacomo Barozzi da Vignola alitoa kanuni zake za nguzo tano kwa mabamba ya shaba, ambayo yaliweza kuonyesha mistari myembamba na vivuli ambavyo kisu hakikuvimudu. Kadiri wanunuzi walivyodai undani zaidi, wachapaji walikubali gharama ya mtambo wa pili. Mbao ilipata ushindi wake wa mwisho Venezia katika ujenzi: Vitruvius ya Daniele Barbaro ya mwaka 1556, ambayo Palladio aliichorea, na vitabu vinne vya Palladio mwenyewe, vilivyochapwa na Domenico de' Franceschi mwaka 1570. Baada ya hapo picha za mbao zilibaki zaidi katika vitabu vya bei rahisi na mapambo ya kurasa.

Vibao vyenyewe vilidumu kuliko waliovitengeneza. Vile sita ambavyo Jacopo de' Barbari alivichorea mandhari ya Venezia mwaka 1500 vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Correr mjini humo. Vile vya Vesalius viliishia Munich, vikatumika kuchapa mara ya mwisho mwaka 1934, kisha vikaungua katika mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Kilichorithiwa na vitabu vilivyofuata ni mpango wa ukurasa: herufi za Kirumi, pambizo pana, jina na mwaka mwanzoni, na picha iliyowekwa palepale maneno yanapoihitaji.